Mkono wa Kushoto wa Panzi

Shangazi yangu alikuwa fundi wa magari, na kuamini watu halikuwa jambo lake. Ukimwambia kumekucha, alifungua dirisha kwanza. Ukimrudishia spana aliyokuazima, aliigeuzageuza mkononi aone kama ni ileile au umembadilishia. Gereji nzima ilimwita Mama Jeki, kwa sababu mteja akianza kueleza gari lake lina nini, yeye alimkatiza: "Maneno yaweke pembeni, gari liweke kwenye jeki."

Hakuzaliwa hivyo. Mama yangu, ambaye ni wifi yake, husema ujanani alikuwa mtu wa kucheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Kisha mumewe akaaga kwamba anakwenda kumwuguza mama yake. Shangazi akamfungia mzigo kwa mikono yake mwenyewe, akatia na matunda ya mgonjwa. Mgonjwa akaja kugundulika kuwa mwanamke mwenye afya tele, ana nyumba yake katika mji mwingine na mtoto anayetambaa. Mume hakurudi hata kuchukua viatu. Tangu hapo shangazi akawa anasema binadamu ana sura mbili, ya kukuonyesha na ya kwendea zake, lakini gari ukishaliinua halina pa kujificha.

Alikuwa fundi wa sehemu ya nyuma hasa: springi, shokapu, bushi za mpira, na ile mikono ya chuma inayoyashika matairi ya nyuma yasiende ovyo. Mbele ya gari, alisema, kila mtu anapatazama. Anayetaka kuficha jambo hulificha nyuma.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja mpana uliozungushiwa ukuta wa matofali, umeezekwa mabati upande mmoja. Shangazi alikaa karibu na lango. Kona ya ndani kabisa ilikuwa ya mchomeleaji, bwana mmoja aliyeitwa Kipara ingawa kichwa chake kilikuwa kichaka. Jina alilipata utotoni aliponyolewa kwa sababu ya chawa, nywele zikarudi, jina likabaki. Kipara na shangazi walijifunza ufundi kwa mwalimu mmoja. Siku ile mume alipotoweka, watu wengi walikuja kumpa shangazi pole na kumchungulia. Kipara alikuja na mkewe, akakaa, akalitengeneza komeo la mlango lililokuwa limelegea, akaenda zake. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye shangazi aliweza kumwachia sanduku la vifaa likiwa wazi, mtu huyo alikuwa Kipara. Ndiyo maana mambo niliyokusudia kuyaeleza yalimuuma kama yalivyomuuma. Mengi nimeyapata kwake mwenyewe, na machache kwa Kipara.

Asubuhi moja lori la kukokota lilileta gari la manjano, manjano ya kiini cha yai, chini kama sahani, lenye milango miwili na viti viwili tu. Lilikuwa gari la mashindano la zamani, la wakati ambao vijana wa leo baba zao walikuwa hawajaoa. Nyuma lilikuwa limechuchumaa upande wa kushoto kama mtu aliyeumwa nyonga. Wenyewe walikuwa wakiliita Panzi. Aliyekuja nalo alikuwa mwanamke mrefu, amevaa nguo za kazi za zahanati. Alikuwa mkunga, nusu ya watoto wa mtaa ule waliingia duniani kupitia mikono yake, kwa hiyo hakuna aliyemwita kwa jina jingine.

Mbele ya watu, Mkunga alisema anataka gari la marehemu mumewe litengenezwe sehemu ya nyuma, liweze kutembea tena. Wapakuaji walipoondoka, alimvuta shangazi pembeni ya ukuta.

"Nimesikia wewe humwamini mtu," alisema.

"Uliyesikia kwake naye simwamini," shangazi akamjibu.

Mkunga hakucheka. Akaeleza. Mumewe alikuwa mpiga picha, na Panzi ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Maharusi wa mji mzima walipigwa picha wakiegemea mlango wake. Hakumruhusu mtu kuligusa, hata ndugu yake wa damu waliyejenga naye uwanja mmoja. Mchana mmoja, jua linawaka, barabara kavu, aliliendesha akaja akapatikana nje ya kona, gari limelala ubavu kwenye mtaro, naye hana uhai. Askari wa barabarani waliandika mwendo wa kasi. Lakini mumewe, Mkunga alisema, aliendesha gari lile kama mtu aliyebeba mayai kichwani.

Lililomkosesha usingizi halikuwa ajali tu. Ni mwenendo wa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Mazishi hayajapoa, shemeji alikuwa ameshalileta Panzi nyumbani, amelifunika turubai na kulifungia bandani. Mkunga kila akitaka kuliona, ufunguo haukuonekana. Miaka ikapita. Sasa, juzijuzi, shemeji akaja na mtu wa vyuma chakavu, eti gari linaharibu banda. Mkunga akawafukuza wote wawili, akavunja kufuli, akaita lori.

"Nataka uniangalizie," alisema, "kama kuna mkono wa mtu humo."

Shangazi alimwambia ataangalia. Hakumwambia kwamba tayari moyo wake ulikuwa umeshasimama wima kama masikio ya paka.

Alianza na upande wa kushoto, kwa kuwa ndio uliokuwa umelala. Akainua, akakingia vigogo, akatoa tairi. Chini yote ilikuwa imepakwa lami nyeusi nene, ile ya kukinga kutu, ikabidi aikwangue kama mtu anayemenya muhogo. Mkono wa chuma wa upande ule ulikuwa umepinda katikati. Akafuata mkono mpaka pale unapofungwa kwenye mwili wa gari, na hapo akakutana na vitu viwili. Kwanza, bolti. Haikuwa bolti ya gari lile. Ilikuwa ya lori, nene, imelazimishwa kuingia. Pili, kile kipande cha mwisho wa mkono kinachoishika bolti kilikuwa kimewahi kuvunjika na kuchomelewa, kisha kikapakwa lami juu ili kisionekane.

Basi, alijiambia, mkono wa mtu upo.

Akakisugua kile kipande kwa brashi ya waya. Mshono wa kuchomelea ukajitokeza, vimawimbi vidogo vimepangana kama magamba ya samaki, vyote vimelalia upande mmoja. Shangazi alibaki amelala chini ya gari akiutazama. Mtu wa mkono wa kulia akichomelea, magamba hulala huku. Haya yalilala kule, kama ya mtu wa mkono wa kushoto. Na hata bila hilo, mtu aliyefanya kazi na mwenzake miaka na miaka anaujua mshono wake kama anavyojua kikohozi chake. Kazi ile ilikuwa ya Kipara, mwenye kutumia mkono wa kushoto.

Kipara mwenyewe alikuwa kwenye kona yake akipiga mluzi.

 Shangazi alitoka chini ya gari, akanawa mikono, akamwita kwa sauti ya kawaida na kumuuliza kama amewahi kuliona gari hili. Kipara akalitazama Panzi toka mbali, kama mtu anayemtazama mbwa bila kujua kama anauma. Akasema magari ya manjano ni mengi. Akarudi kwenye kona yake, na mluzi haukurudi naye.

Siku hiyohiyo alasiri, shemeji mtu akaja. Alikuwa mwenye duka la miwani, mtu mpole, mwembamba, mwenye tabia ya kufuta miwani yake mwenyewe kila anapotafuta la kusema. Alisalimia vizuri. Akauliza kama kazi ni kubwa. Akauliza fundi ameshafungua upande gani. Kisha, baada ya kufuta miwani sana, akasema angependa vyuma vyote vya zamani vitakavyotolewa apewe yeye, visitupwe, awe navyo kama kumbukumbu ya kaka yake.

"Kumbukumbu si gari lenyewe?" shangazi akauliza. "Nasikia hilo ulitaka liwe chakavu."

Akasema si hivyo, hakueleweka, na shemeji yake ana uchungu mwingi. Shangazi akamdanganya kwamba bado hajafungua chochote. Wakati wanazungumza alimwona Kipara akiinuka kutoka kwenye kona yake, akamwona akimwona mgeni, akamwona akiinama na kupotea nyuma ya mabati. Mgeni naye alitupa jicho kule, akaliondoa haraka. Gereji ile watu walisalimiana hata na mbuzi aliyepita. Watu wawili wasiojuana wangesalimiana. Hawa hawakusalimiana, na kwa shangazi hilo lilikuwa sawa na kuwasikia wakiitana kwa majina.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jioni aliufungua ule mkono uliopinda, akaufunga kwenye gunia, akaenda nao nyumbani na kuusukuma uvunguni mwa kitanda. Kuanzia hapo kila kitu kikawa na maana ya pili. Kipara akimletea chai kama desturi yao, aliipokea na kuimwaga chini ya ukuta. Akikohoa, shangazi alijiuliza anamwashiria nani. Alianza kufunga sanduku lake la vifaa kwa kufuli, na Kipara aliliona kufuli hilo siku ya kwanza tu, akasimama mbele yake kidogo kama anayesoma tangazo la msiba, akaenda zake. Shangazi akakumbuka pia jambo ambalo zamani hakulipa uzito: kwamba kwa miaka kadhaa sasa Kipara amekuwa mzito wa kazi. Kitu cha kuchomelea mara moja alikichomelea, akakigonga, akakitazama, akakirudia. Wateja walikuwa wakilalamika. Sasa akaona sababu. Mtu mwenye damu mikononi, alijiambia, hawezi kuwa na mkono mwepesi.

Alikosea kitu kimoja, na baadaye alikisema bila kujitetea. Mkunga alipokuja kuuliza habari, shangazi alimpa nusu. Alimwambia, ndiyo, mtu aligusa. Hakusema nani, hakusema ameona nini hasa, kwa sababu jina la Kipara lilimkwama kooni. Lakini nusu ya habari ni kama nusu ya tofali. Haijengi, inafaa kurushia watu tu. Mkunga alirudi nyumbani nayo. Akaacha kula kilichopikwa jikoni kwa shemeji yake. Akawakataza wanawe kuingia upande ule. Mke wa shemeji akalia, watoto waliozoea kucheza pamoja wakawa wanatazamana kupitia ua, na mwisho Mkunga akatangaza kwamba ataitisha kikao cha ukoo, wazee na vijana, na fundi atakuja kusema mbele ya wote kile alichokiona.

Taarifa hiyo ilimfikia shangazi akiwa anakunywa maji. Kumtuhumu mtu kimoyomoyo alikuwa bingwa. Kusimama mbele ya ukoo na kusema "fulani ameua" ni jambo jingine. Akaanza kujiuliza wataulizaje. Akawaona wazee wale akilini, mmoja wao bila shaka mjuaji, akimwuliza: na upande wa kulia je, ulikuwaje? Naye angejibu hajaugusa. Ukaguzi wa upande mmoja, angesema yule mzee, ni kama kusikiliza kesi ya mke bila mume.

Kwa hiyo kesho yake asubuhi aliinua upande wa kulia.

Hapo ndipo Panzi alipomwonyesha asiyoyatarajia. Kabla hajafungua hata nati moja, tairi la kulia lilishuka peke yake, likaning'inia, na kitu kikalia ndani kama mlango wa zamani. Gari likiwa chini, uzito wake ulikuwa umekibana kitu hicho na lami imekiziba. Lilipoinuliwa, kilifunguka kama mdomo. Akakwangua. Lami ilitoka na chuma chenyewe, vipande kwa vipande, kama maganda ya kitunguu. Pale mkono wa kulia unapofungwa, mwili wa gari ulikuwa umeoza kwa ndani. Bolti ilikuwa nzima, ya asili, imeshika vizuri kabisa; ilichoshika ndicho kilichong'oka.

Akaleta taa, akaangalia kingo za mpasuko. Zilikuwa na rangi mbili. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, kutu ya miaka mingi iliyochanganyika na grisi na vumbi. Kipande kidogo mwishoni kilikuwa chekundu, kutu changa. Alijua maana yake, kama ambavyo yeyote aliyekwisha kuvunja vyuma angejua. Ufa ulikuwa ukitembea humo polepole kwa muda mrefu kabla ya ajali. Kile kipande chekundu ndicho kilichokuwa kimebaki kushikilia, na siku ile kwenye kona kikaachia. Tairi la kulia likayumba, nyuma ya gari ikageuka, likaserereka kwenda kushoto mpaka mtaroni.

Akarudi nyumbani katikati ya saa za kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akautoa ule mkono uliopinda uvunguni. Safari hii aliutazama kama mtu anayetaka kujua, si kama anayejua tayari. Pale ulipopindia palikuwa na alama za mawe, na udongo mkavu wa mtaroni ulikuwa bado umejikita kwenye mikwaruzo. Ulipinda kwa kugonga. Haukuangusha gari; uliangushwa nalo. Na ule mshono wa magamba ya samaki, wa bolti ya lori na lami ya kufichia, ulikuwa mzima. Haukuwa na ufa hata wa unywele. Ulipigwa na mtaro mzima na haukuachia.

Shangazi alikaa sakafuni na kile chuma mapajani kama mtu anayebembeleza mtoto. Aliniambia kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa furaha. Kilikuwa chai, vikombe vyote vile alivyovimwaga ukutani.

Aliporudi gerejini alikwenda moja kwa moja kona ya ndani, akauweka mkono wa chuma juu ya meza ya Kipara.

"Kazi yako hii," alisema.

Kipara alizima mashine yake. Alivua glovu moja, kisha ya pili, akakaa juu ya mtungi wa gesi. Hakukana. Alieleza kwamba wiki chache kabla ya ajali, yule shemeji alikuwa amelichukua Panzi bila ruhusa. Kaka yake alikuwa safarini, mtoto wa shemeji amezidiwa na degedege, na gari jingine halikuwapo. Njiani, kwa haraka, alipiga jiwe kubwa. Mtoto alifika hospitali akapona, lakini gari lilirudi linagonga nyuma. Akamwogopa kaka yake. Akalileta kwa Kipara siku ya mapumziko, wakati gereji haina mtu, akamwomba alirudishe kama lilivyokuwa na asimwambie kiumbe. Bolti ya gari lile haikupatikana, Kipara akatia ya lori. Kisha wakasikia msiba.

"Tumemuua, dada," Kipara alisema. "Mimi na yule bwana. Yeye kwa jiwe, mimi kwa mshono. Nilikuwa najua siku moja litakuja kwako."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi? Ulipoweka kufuli kwenye sanduku, ulinitazama kama unavyomtaja mumeo."

 Shangazi alimshika mkono, akamwongoza mpaka upande wa kulia wa Panzi, akampa taa na kumwambia alale chini atazame. Kipara alilala.  Sauti pekee iliyotoka chini ya gari ilikuwa ya kucha zake zikikwaruza kutu. Mwishowe miguu yake, ambayo ndiyo iliyoonekana, ilijikunja, naye akaanza kulia, na shangazi akaenda kufunga lango la gereji ili wapita njia wasione.

Hakungoja kikao cha ukoo. Aliwaita watu wawili tu, Mkunga na shemeji yake, na kila mmoja hakujua kwamba mwenzake ameitwa. Walipokutana langoni Mkunga aligeuka kutaka kuondoka. Shangazi akamwambia kwamba aliomba kuonyeshwa, na leo ndiyo siku ya kuonyeshwa. Akiondoka, atabaki na kile alichokuja nacho maisha yake yote.

Aliwaonyesha upande wa kushoto kwanza, pamoja na ule mkono aliokuwa ameufungua. Hakuficha bolti, hakuficha mshono wala lami iliyopakwa juu yake. Mkunga alimgeukia shemeji yake, naye shemeji, badala ya kufuta miwani, aliivua kabisa akaishika mkononi. Akasema yote: mtoto, jiwe, ukimya. Alisema kila siku tangu msiba, alipolala, alilisikia lile jiwe. Alitaka gari liondoke kwa sababu kulipita bandani kulimshinda.

"Nimemuua kaka yangu," alisema. "Nimekosa mahali pa kulisema."

Mkunga hakulia wala hakupiga. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri uchungu upite ili afanye kazi. Hapo shangazi akawaambia neno lake: hapana. Akawapeleka kulia. Akawaonyesha uozo, akawaonyesha rangi mbili, nyeusi na nyekundu, akawaeleza kila moja inasema nini. Akaweka kidole cha Mkunga mwenyewe juu ya ule mshono wa kushoto, apapase, aone kama una ufa.

"Kilichotengenezwa kwa siri kilishika," alisema. "Kilichokatika hakikuguswa na mtu."

Mkunga alipapasa mara nyingi. Kisha akauliza, inakuwaje chuma kioze ndani, gari ambalo mumewe alilisafisha kuliko sahani za kulia. Hapo shangazi alisita. Jibu alikuwa nalo. Ile lami ilipakwa juu ya lami, mwaka kwa mwaka, kwa mapenzi, na tundu la kutolea maji lilizibwa nayo. Maji yaliyoingia hayakuwa na pa kutokea. Alitazama chini, na Mkunga, aliyezoea kusoma nyuso za watu wasiotaka kusema, akamtangulia.

"Ni ile lami," alisema. "Tulikuwa tunaipaka wote wawili, kila kabla ya mvua. Mimi nilikuwa nakoroga kopo."

 Shemeji akavaa miwani yake. Ndipo Mkunga akakaa juu ya tairi lililokuwa limelazwa chini, akalia, kilio cha mtu aliyebeba mzigo akitafuta wa kumtwisha, mwisho akagundua hauna mwenyewe. Alipomaliza, alijifuta, akamwambia shemeji yake polepole:

"Hukumuua. Hilo nimeliona kwa kidole changu. Lakini ulinificha ufunguo miaka yote hii nikawa nahesabu kila neno lako. Hilo ulilifanya wewe, na bado nina hasira nalo. Uniache nimalize hasira yangu."

Shemeji alisema sawa. Waliondoka kwa njia mbili tofauti.

Kazi ya Panzi ilichukua muda, maana hapakuwa na haraka tena na kulikuwa na mengi ya kukata. Shangazi aliondoa lami yote mpaka chuma kikawa uchi. Kipara alikata sehemu iliyooza, akaunda nyingine kwa bati nene na kuichomelea, na safari hii hakurudia mara mbili. Shangazi alimwangalia kwa mbali akiona mkono wake umeanza kuwa mwepesi. Bolti za asili zilipatikana kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa na mabaki ya gari kama lile. Mikono yote miwili ikawekwa mipya, bushi mpya, springi mpya, shokapu mpya, na matundu ya maji yakaachwa wazi. Panzi akasimama sawasawa, matako juu, kama jina lake linavyotaka.

Kuhusu Kipara, nisikudanganye kwamba mambo yalirudi kuwa kama mwanzo. Shangazi alikwenda kwake kuomba radhi, na mke wa Kipara alimkaribisha kwa ule ukarimu wa kuzidi kiasi unaokujulisha kwamba umesemwa. Alieleza habari ya chai. Kipara akafikiri, akasema kama ni kumwaga, heri alikuwa akimwaga chai ya mkewe kuliko ya kwake, kwa sababu ya mkewe ina sukari kidogo. Mkewe akamrushia kitambaa. Walicheka, lakini ilichukua muda kabla Kipara hajaanza tena kupiga mluzi shangazi akiwa karibu. Shangazi naye kufuli aliliondoa siku ileile. Kukagua spana hakuacha. Hilo, alisema, ni tabia, si tuhuma.

Mkunga alilichukua gari, akawa analiendesha kwenda zahanati. Watu walimtania kwamba kati ya magari yote mkunga amechagua lile ambalo mjamzito hawezi kuingia, na akiingia hawezi kutoka. Kikao cha ukoo hakikufanyika. Watoto walirudi kuchezea uwanja wote. Kwa shemeji yake, salamu zilikuwa fupi, na chakula alikipokea siku nyingine, siku nyingine akakirudisha.

Miezi kadhaa ikapita, Panzi akaingia gerejini mchana kuangaliwa nati kama hazijalegea. Mkunga alikuwa kwenye usukani. Kiti cha pili alikikalia shemeji yake, magoti yamekaribia kidevu, kikapu cha mboga mapajani, kwa kuwa walikuwa wametoka kumtazama mtu wa ukoo aliyelazwa. Hawakuwa wanazungumza, lakini gari la viti viwili halina nafasi ya kumkwepa mtu. Shangazi aliwaambia washuke wote, akaleta jeki.